Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: kabla koki haijafunguliwa zaidi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kigamboni. Nilisomea uhandisi wa petroli, ila ugali wangu unatoka kwenye visima vya maji: nachimba, nafunga pampu, naitwa tena mambo yakiharibika. Nina ombi moja kuhusu visima vyetu vya gesi, na naomba nianzie uani kwa mama mmoja, jirani yangu.

Kisima chake kilitoa maji matamu miaka mitatu. Fundi mmoja (si mimi) akamshauri afunge pampu kubwa auze maji kwa madumu. Mwezi wa kwanza biashara ilikwenda. Wa pili, chai ikawa na chumvi. Huku pwani, chini ya maji matamu yamelala maji ya bahari, mazito zaidi. Ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, presha inashuka pale pale, na yale ya chini yanapanda kama kichuguu mpaka yaingie kisimani. Tulirudisha pampu ndogo. Chumvi haikuondoka.

Gesi nayo mara nyingi imekaa juu ya maji, ndani ya vitundu vya mwamba. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyejenga mfumo wa maji wa mji wa Dijon, alionyesha kwamba maji hupita mchangani kwa kadiri ya tofauti ya presha: ukitaka mara mbili, vuta mara mbili. Gesi ina ukorofi wa ziada. Ikikaribia kisima hutanuka na kukimbia mno, na sehemu ya presha inapotea bure kwa mbio hizo.

Ndiyo maana kuna visima vya mlalo. Kinashuka wima, kinapinda, kisha kinalala ndani ya tabaka la mwamba lenye gesi kwa mamia ya mita, hata kilomita na zaidi. Kwa kuwa mlango ni mrefu, kila mita inavuta kidogo tu, na maji ya chini hayashtuki upesi. Huko Troll, eneo la gesi na mafuta chini ya bahari ya Norway, mafuta yalikuwa kama chapati kati ya gesi juu na maji chini, unene wa mita 26 au pungufu. Kwa visima vya wima yasingelipa. Vya mlalo ndivyo vilivyoyatoa.

Lakini usiuziwe urefu, Mheshimiwa. Nina matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, nimeyatandazia mpira niliotoboa matundu kwa msumari wa moto. Karibu na bomba mchicha unaogelea. Mwisho wa mpira udongo unapasuka kwa ukavu. Maji yakisafiri ndani ya mpira yanasuguana nao, presha inaisha njiani. Kisima cha mlalo kina ugonjwa huo huo. Sehemu kinapopinda, tunapoita kisigino, ndiko kunakovuta sana, na maji huingia hapo kwanza. Ncha ya mbali, iliyogharimu pesa nyingi kuifikia, inasinzia. Troll waliliona hilo, wakafunga vibanio vya kupunguza mtiririko kwenye bomba la kisimani. Na tabaka likiwa limekatwakatwa na udongo mfinyanzi, gesi haipandi wala kushuka kukifuata kisima. Hapo cha wima kinaweza kushinda.

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa 1974, ikafika Dar es Salaam 2004. Bomba la kutoka Mtwara likazinduliwa 2015. Leo bajaji zinapanga foleni ya gesi usiku, na ninajua simu za kutaka iongezwe zinaishia mezani kwako. Koki ni kitu rahisi sana kuzungusha.

Ombi langu: mpango wowote wa kisima kipya, au wa kufungua zaidi cha zamani, usipite kwa kutaja futi za ujazo za siku ya kwanza. Waulize watashusha presha kiasi gani chini kule. Kikiwa cha mlalo, waonyeshe vipimo vya kisigino na vya ncha. Kisha kila mwezi mtutangazie, pamoja na gesi, maji yaliyotoka nayo kisima kwa kisima. Yakianza kupanda tuyaone mapema, wakati kupunguza bado kunasaidia.

Wako,
Mchimba visima, Kigamboni