Barua kwa Mhariri: Ule mlango wa ghorofa ya tisa

Ndugu Mhariri,

Salaam. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Marekani ilivyotajirika kwa viwanda nimeisoma mara mbili kwenye daladala na mara ya tatu nyumbani, na imeniuma, ndo maana nimeamua kuandika japo mi si mwandishi. Kurasa mbili nzima mmemsimulia Carnegie na chuma chake, Rockefeller na mafuta yake, Morgan na benki zake, sawa, hao watu walikuwepo, na ni kweli mwaka 1901 Carnegie alimuuzia Morgan kampuni kwa dola milioni 480, hela ambayo hata leo ukiitaja mtu anashtuka. Ila wahamiaji mmewapa sentensi moja tu, kwamba walikuja kwa mamilioni kutafuta maisha mazuri wakayapata. Wakayapata wote? Mhariri naomba nafasi niongelee siku moja tu, Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, New York.

Kwanza niseme kwa nini inanihusu. Nimeshona kiwandani miaka kumi na moja, sio cherehani ya barazani, kiwanda kabisa cha nguo za kwenda nje, laini ina watu arobaini, tageti ya siku imeandikwa ubaoni na supavaiza anapita nyuma ya mgongo wako. Shifti ya usiku mlango wa nyuma ulikuwa unapigwa kufuli na ufunguo anakaa nao mlinzi, na mlinzi mwenyewe yuko getini huko. Tukiuliza tunajibiwa vitambaa vinaibiwa. Kutoka ni mlango mmoja, mnapanga foleni mnapekuliwa mikoba mmoja mmoja kama wezi. Usiku mmoja ikapiga shoti ya umeme, moshi ukajaa, tukakimbilia ule mlango wa nyuma tukausukuma na mabega, tukapiga kelele, mwenzangu mmoja mjamzito kakaa chini kabisa kashindwa kupumua, mpaka mlinzi anatafutwa anakuja na ufunguo mi naona ilipita saa nzima ingawa wenzangu wanasema ni dakika kumi. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Kiwanda sikitaji. Ila miaka mingi baadaye nilipokutana na habari ya kiwanda cha Triangle niliweka simu chini nikakaa kimya, maana ule mlango nilikuwa naujua.

Triangle kilikuwa kiwanda cha blauzi za kike, kipo ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10 ya jengo lililoitwa Asch, karibu na Washington Square. Wafanyakazi kama mia tano, wengi wao wasichana wa Kiyahudi waliotoka himaya ya Urusi na wasichana wa Kiitaliano, wengine hawajafika hata miaka kumi na sita. Ghorofa ya 9 peke yake ilikuwa na cherehani karibu 240 zimebanana kwenye meza ndefu, ukitaka kutoka unapita pembeni ya wenzako na vikapu. Siku hiyo ilikuwa ya mshahara. Saa kumi na dakika arobaini hivi jioni, watu wanajiandaa kuondoka, moto ukaanza ghorofa ya 8 kwenye pipa la vipande vya vitambaa chini ya meza ya wakataji, inadhaniwa ni kipande cha sigara au njiti ya kiberiti. Wanaojua kushona wanajua vipande vya pamba nyepesi vinavyoshika moto, ni kama petroli.

Wa ghorofa ya 8 wakapiga simu ghorofa ya 10 walikokaa mabosi. Mabosi wakapanda juu ya paa, wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani wakawawekea ngazi wakavuka jengo la pili salama. Ghorofa ya 9 hakuna aliyewaambia. Wao habari waliipata kwa kuona moto wenyewe umeingia. Ngazi za upande mmoja zimeshajaa moto, wakakimbilia mlango wa upande wa mtaa wa Washington Place, umefungwa na ufunguo. Ulifungwa ili wote watokee upande mmoja wapekuliwe mikoba wasije kuiba kipande cha lesi. Ngazi ya chuma ya dharura ya nje ikapinda ikaanguka na watu juu yake. Kilichobaki ni lifti, na hapa naomba mnisamehe nimtaje mtu, Joseph Zito, mhamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa anaendesha lifti, yeye na mwenzake Gaspar Mortillaro walipanda na kushuka na kupanda tena kwenye moshi huo huku wakijaza watu kupita uwezo wa lifti, mpaka ikashindikana kabisa maana watu walikuwa wanajirusha kwenye tundu la lifti wanaangukia juu yake. Huyo Zito Mhariri mngempa hata aya moja, kwenye kurasa mbili.

Zimamoto walikuja haraka, hilo lisemwe. Lakini ngazi yao ndefu kuliko zote iliishia ghorofa ya 6. Wasichana wakaanza kuruka madirishani, wengine wawili wawili wameshikana mikono, nyavu za zimamoto za kuwadakia zikachanika. Ndani ya dakika kumi na nane hivi moto ulikuwa umedhibitiwa na watu 146 wamekufa, wanawake na wasichana 123 na wanaume 23. Na jengo lile halikuungua! Lilijengwa lisishike moto na kweli halikushika, lipo mpaka leo, ni mali ya chuo kikuu cha New York na wanafunzi wanasomea humo. Hilo ndo limenikaa kichwani kuliko yote, kwamba akili na hela za kulinda kuta zilipatikana.

Sasa mtu atasema ni ajali tu, zama zile mambo hayakuwa yanajulikana. Si kweli. Mwaka 1909 wasichana hao hao waligoma. Kwenye mkutano ukumbi wa Cooper Union, tarehe 22 Novemba, wakubwa wa vyama vya wafanyakazi wameongea masaa mpaka watu wamechoka, akasimama binti mmoja wa miaka 23, Clara Lemlich, mzaliwa wa Ukraine, ambaye miezi michache kabla alikuwa amepigwa na wahuni mpaka akavunjwa mbavu kwa sababu ya kugoma, akaongea kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kwamba amechoka na maneno, anataka mgomo wa wote. Ukumbi mzima ukanyoosha mkono wa kulia wakala kiapo kwamba wakisaliti mkono huo ukauke. Waligoma zaidi ya elfu ishirini, kwenye baridi ya New York, wanakamatwa wanapelekwa mahakamani wanapigwa faini. Viwanda vingi vikakubali kusaini na chama mwanzoni mwa 1910. Triangle wakakataa chama. Na kati ya waliyokuwa wanayalilia wasichana ni milango isifungwe na ngazi za dharura ziwe za kweli. Mwaka mmoja na kidogo baadaye ndo hayo yakatokea.

Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, nao walikuwa Wayahudi wahamiaji kutoka Urusi, na wao waliwahi kuwa mafundi masikini kabla ya kupata. Hapa ndo makala yenu imenichanganya zaidi, maana mmeandika wahamiaji kama kitu kimoja, kumbe aliyefunga mlango na wengi wa waliofungiwa walitoka nchi moja na walisali dini moja. Kuhama peke yake hakumfanyi mtu awe na huruma na mhamiaji mwenzie, kwa kweli hili mi nimeliona hata kwetu, supavaiza mkali kuliko wote kiwandani kwetu alikuwa amepanda kutoka laini hii hii yetu.

Kesi ya Blanck na Harris ilisikilizwa Desemba 1911. Wakili wao, Max Steuer, alimwambia shahidi Kate Alterman, msichana aliyemwona mwenzake akifa karibu na mlango ule, arudie ushahidi wake, akarudia, arudie tena, akarudia, maneno karibu yale yale, wakili akawaambia juri, yaani raia waliochaguliwa kuamua kesi, huyu kafundishwa. Mhariri, binti ambaye Kiingereza si lugha aliyozaliwa nayo, anapanda kizimbani kuongelea jambo baya kuliko yote aliyowahi kuona, ataacha vipi kukariri? Mimi mwenyewe nikienda ofisi ya serikali na shida yangu naikariri njia nzima. Juri wakakaa chini ya masaa mawili wakasema haikuthibitika kwamba mabosi walijua mlango umefungwa wakati ule. Wakaachiwa huru. Mwaka 1913 Blanck akakamatwa tena, kiwanda kingine, mlango umefungwa tena wakati wa kazi, akapigwa faini ya dola 20. Mwaka 1914 familia zilizofungua madai zikalipwa dola 75 kwa kila roho, wakati bima ilikuwa imewalipa mabosi zaidi ya hasara waliyoitaja, na hiyo ziada peke yake ukiigawa kwa waliokufa ni kama dola 400 kila mmoja. Sina la kuongeza hapo.

Nataka tu isemwe wazi kwamba sheria zilizofuata hazikutoka kwenye wema wa matajiri mliowaandika. Tarehe 5 Aprili 1911 watu zaidi ya laki moja waliandamana kwenye mvua kuwaomboleza wale ambao hawakutambulika. Jimbo la New York likaunda tume ya kukagua viwanda, wakina Robert Wagner na Al Smith, wabunge wa jimbo hilo, na ndani ya miaka michache zikapita sheria zaidi ya 30, mlango usifungwe watu wakiwa kazini, mazoezi ya kukimbia moto, mabomba ya maji ya darini yanayofunguka yenyewe. Mmoja wa waliowazungusha wabunge viwandani waone kwa macho ni Frances Perkins, dada ambaye siku ya moto alikuwa anakunywa chai jirani akasikia kelele akakimbia kuangalia, akawaona wanavyoruka. Mwaka 1933 akawa waziri wa kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kwenye baraza la mawaziri nchi ile. Watu wa chama, maiti na mwanamke aliyekataa kusahau, ndo walioleta hizo sheria.

Mmeandika pia Ellis Island, kile kisiwa cha bandari ya New York walipopokelewa wahamiaji, kama lango la matumaini, na mmetaja kwamba mwaka 1907 waliingia zaidi ya watu milioni moja. Mngeongeza kidogo kwamba waliosafiri daraja la chini walipandishwa ngazi huku madaktari wanawatazama, na ukishukiwa ugonjwa unaandikwa herufi ya chaki kwenye koti, H moyo, L kuchechemea, E macho, X akili. Wasichana wengi wa Triangle walipita pale, au wazazi wao. Siku hizi kila tarehe 25 Machi watu wa New York wanatoka na chaki, wanaenda mbele ya nyumba walizokuwa wanakaa wale 146 wanaandika jina, umri, na kwamba alikufa kwenye moto wa Triangle. Mvua ikinyesha inafutika, mwaka unaofuata wanaandika tena. Na mwaka 2023 kwenye jengo lenyewe wakaweka kumbukumbu ya chuma yenye majina yote.

Ombi langu ni dogo. Machi ijayo msirudie picha ya Carnegie, tunaijua. Mkiwa na nafasi hata ya kiganja tu chapeni majina haya matatu, ya nyumba moja: Caterina Maltese, miaka 39. Lucia Maltese, miaka 20. Rosaria Maltese, miaka 14. Mama na wanawe wawili, asubuhi ile walitoka pamoja kwenda kushona.

Wasalaam,
Fundi cherehani mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam