Hawa tunaowasema vibaya Kanada ndio wenye nchi

Mhariri,

Nimekuwa nikisoma gazeti lenu tangu nikiwa Nakuru, na saa hii niko Winnipeg, Kanada, mwaka wa 11 sasa. Naona mnaandika sana habari za vijana wanaotaka kuja huku, viza, vyuo, kazi za kutunza wazee, na ni sawa, lakini kuna kitu hakiandikwi na kinaniuma. Mtu akifika tu, hata baridi hajaizoea, ndugu zetu waliotangulia wanamwambia jihadhari na wenyeji wa asili wa huku, ati ni walevi, ati ni wavivu, ati serikali inawapa pesa za bure. Mimi pia niliambiwa hivyo, tena kwa Kiswahili safi, na nikaamini karibu miaka miwili.

Aliyenitoa hapo ni jirani yangu. Ni mama mzee wa Anishinaabe, moja ya jamii za hao wenyeji wa asili, tunakaa naye jengo moja huku North End, watoto wote wanamwita Kookum, yaani nyanya, na mimi pia namwita hivyo. Krismasi moja nilimpelekea mahamri, akaniambia ngoja, akatoa vyake vilivyofunikwa na kitambaa, wao wanaita bannock, unga wa ngano umekaangwa kwa mafuta, na enyewe ukifumba macho ni mahamri bila iliki. Hapo ndipo stori zilianza.

Alichukuliwa kwao akiwa na miaka sita akapelekwa shule ya bweni ya kanisa, akanyolewa, akapewa namba, na ukiongea lugha ya kwenu unachapwa. Watoto zaidi ya 150,000 walipitishwa kwa hizo shule na za mwisho zilifungwa juzi tu, miaka ya tisini, mimi nikiwa primary. Nikamwambia kuhusu ile disk yetu, kile kibao ulikuwa unavishwa shingoni ukishikwa ukiongea kikwenu, unazunguka nacho mpaka umsikie mwenzako amekosea umpatie. Akaniuliza, nani alikuwa anawavisha? Nikasema walimu wetu wenyewe, wazungu walikuwa wameenda kitambo. Alinyamaza sana, halafu akanishika mkono.

Tangu siku hiyo kila nikisoma historia ya huku naona ya kwetu. Babu yangu mzaa mama alikuwa anatembea na kipande kwa kikopo cha bati shingoni, bila hicho hatoki shamba la mzungu. Huku nako kuanzia 1885 mwenyeji wa asili alikuwa anahitaji pasi ya afisa wa serikali ndio atoke rizavu, yaani ardhi waliyotengewa, hata kama anaenda tu kumwona mtoto wake shuleni, na hakukuwa na sheria yoyote iliyopitishwa kusema hivyo. Wamaasai walitiliana saini mkataba na Waingereza 1904, wakaahidiwa Laikipia maadamu kabila lao lipo duniani, kufika 1911 wakaambiwa wahame tena. Winnipeg iko kwa ardhi ya Mkataba Namba 1 wa mwaka 1871, kati ya wenyeji wa asili na serikali, na pesa wanayolipwa kwa mkataba huo ni dola 5 kwa mtu, kwa mwaka mzima, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1875 mpaka leo. Dola tano! Hakuna mtu anaweza kulewa mwaka mzima kwa hiyo.

Lakini mahali tunapofanana zaidi ni hofu ya kunyang'anywa watoto, na hii naomba wazazi waisome polepole. Hapa Manitoba, mkoa wetu huu wa Winnipeg, kwa kila watoto 10 walio mikononi mwa serikali karibu 9 ni wa wenyeji wa asili, kwa hiyo shule zilifungwa lakini kuchukua watoto hakukuisha. Sasa kuna mama wa kanisani kwetu, Mkongomani, amepita kambi mbili za wakimbizi na wanawe, siku moja mtoto akasema kitu shuleni, maafisa wa watoto wakaja wakawabeba watoto wote watatu, barua zote ni za Kizungu cha mawakili, yeye analia tu kwa Kiswahili. Sisi tulimwombea. Kookum ndiye alikuja na wamama wawili wa kwao, wakamwambia andika kila tarehe, kila simu, usiende mkutano peke yako, usitie saini kitu hujasomewa, dai watoto wakae kwa mtu wa jamaa, manake wao wamepitia hayo kizazi baada ya kizazi. Watoto walirudi baada ya miezi mitano. Na huyo mama alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanavuka barabara wakiona hao watu wanakuja.

Sisemi sisi na wao ni sawa, hapana. Sisi tuliomba viza tukapewa, na aliyetupa ni serikali, wao hawakuulizwa. Nilipokula kiapo cha uraia nilisema mbele ya jaji kwamba nitaheshimu haki zao na mikataba yao, hayo maneno yako kwa kiapo tangu 2021, wengi wetu tunayasema haraka haraka tukiwaza picha na bendera. Mimi nimeyarudia nyumbani na watoto wangu kwa Kiswahili wayaelewe.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri, mkiandika tena habari za kuja Kanada, kando ya bei ya viza wekeni pia ardhi hii ni ya nani.

Na kwa Waswahili wa Winnipeg, tarehe 30 Septemba ni siku ya kuwakumbuka watoto wa hizo shule, watu wanavaa shati la rangi ya chungwa na kutembea. Mwaka jana kutoka kanisa letu tulienda watu wanne, Kookum akatuhesabu. Mwaka huu nimeshaulizia bei ya basi.

Mama Baraka,
Winnipeg, Kanada