Wanangu, kimeo na bandama haviponi kwa wembe

Kwa kina mama wenye watoto wadogo,

Salaam. Mimi ni muuguzi mstaafu, na leo nina neno moja tu: acheni kuwapeleka watoto kwa wenye nyembe.

Mtoto akikohoa usiku kucha, hakosi shangazi wa kusema ni kimeo, kikatwe. Kila mtu anacho kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, na kikohozi hakitokani nacho. Mkikikata mnakaribisha kutoka damu nyingi na pepopunda, huku nimonia, kama ndiyo, inaendelea kifuani.

Mafindofindo yaliyo kandokando yake ni sehemu ya kinga ya mwili. Yana chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu vinavyopitia mdomoni na puani. Tezi za shingoni, kwapani na kinenani nazo ni vivyo hivyo. Mtoto akijikwaa, kidole kikatunga usaha, mtoki humtoka kinenani kwa kuwa majimaji ya mguu huchujwa pale. Tibuni kidonda, mtoki utanywea. Ila tezi ya shingo ikikaa wiki kadhaa, na mtoto anakonda na kutoka jasho usiku, kampimisheni kifua kikuu.

Sasa bandama, maana hapa ndipo watoto wanapoumizwa zaidi. Mlaze mtoto chali, papasa chini ya mbavu za kushoto. Kwa kawaida vidole havikuti kitu. Malaria ikimrudia mara kwa mara, bandama hukua hadi ikashikika, kwa kuwa ndiyo inayochuja damu na kuziondoa chembe nyekundu zenye vimelea. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, pia huikuza. Chale za tumboni haziipunguzi hata kidogo. Wembe wa kuchangia huacha VVU na homa ya ini. Mpelekeni akapimwe, na dozi aimalize. Tena asipigwe tumboni hata kwa utani, bandama kubwa hupasuka.

Zile chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Mtoto mchanga bado hajajijengea kinga ya kutosha, ndiyo maana dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yanayompa kinga, lisikamuliwe likamwagwa, hata kama bibi mwenzangu analiita maziwa machafu.

Chanjo ya surua hapa Tanzania ni miezi 9, kisha 18. Ya pili wengi mnaiacha. Surua hufuta kumbukumbu ya kinga, hata maradhi aliyokwisha kuyashinda mtoto yakapata nafasi tena. Kadi ikipotea, nendeni hivyo hivyo, mtaandikiwa nyingine.

Bibi yenu, muuguzi mstaafu