Tupime mzigo wa kanuni kabla ya kuongeza nyingine

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa namna serikali inavyoweza kurekebisha kanuni za biashara ili uchumi wa taifa umudu ushindani. Wengi huhesabu kodi na mishahara, wakasahau muda: siku anazopoteza mfanyabiashara akizunguka na fomu zilezile, kila ofisi ikidai nakala yake. Kampuni kubwa huajiri mwanasheria wa kazi hiyo. Mdogo hana uwezo huo, na mara nyingi ndiye mwenye wazo jipya.

Sidai kanuni zifutwe kiholela. Zile zinazolinda afya ya mlaji, usalama wa mfanyakazi na mazingira zibaki, tena zisimamiwe kwa ukali. Ninachoomba ni kipimo. Uholanzi, mwaka 2003, ilianza kukadiria gharama ambazo makaratasi ya serikali yanazibebesha biashara, ikajiwekea lengo la kuzipunguza kwa asilimia 25. Kanada nayo ilipitisha sheria mwaka 2015: kanuni mpya ikiongeza mzigo wa kiutawala kwa biashara, mzigo unaolingana nao sharti uondolewe kwingine. Bila kipimo cha namna hiyo, ahadi ya kupunguza urasimu hubaki maneno ya jukwaani.

Serikali iunde chombo huru cha kukagua kila kanuni inayopendekezwa, na makadirio ya gharama zake yachapishwe kabla haijaanza kutumika. Wafanyabiashara wadogo waitwe kutoa maoni mapema, si baada ya rasimu kukamilika.

Wako,
Msomaji