Mtori unampa bosi jina, mpishi analipwa kibarua

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee migahawa yetu hapa Moshi, na kwa ninavyosikia Arusha mambo ni hayohayo.

Watu wanasifia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, wa sehemu fulani, machalari, yaani ndizi za kupika na nyama, ya sehemu fulani, foleni mpaka nje, lakini hakuna anayeuliza nani alihangaika mpaka huo mtori ukawa hivyo. Mimi nimekuwa weita miaka kadhaa, jikoni naingia natoka. Bosi anakuja na fremu, masufuria na leseni. Resipi inakuja na mama aliyejifunza kwao Kibosho au Machame, halafu anaanza upya kuipanga iwe ya biashara maana sufuria ya nyumbani na sufuria ya wateja wa siku nzima ni vitu viwili tofauti kabisa. Anachagua ndizi mshare zilizokomaa, anamenya mikono ina mafuta ili utomvu usimgande, anaziloweka zisiwe nyeusi, mifupa iko motoni tangu alfajiri, halafu kuponda, ukizidisha unapata uji ukipunguza mteja anarudisha bakuli. Na hesabu juu yake, mkungu huu wa soko la Mbuyuni utoe bakuli ngapi, nyama ikipanda bei apunguze wapi mteja asione tofauti. Hiyo ni kazi ya akili jamani, sio kukoroga tu.

Sasa angalia malipo. Kwanza anaambiwa njoo tukuone unavyopika, anapika, wateja wanakula na wanalipa, yeye halipwi eti ni majaribio. Akichukuliwa ni hela ya siku, mkataba hakuna, anaingia kumi na moja alfajiri anatoka usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ovataimu inalipwa mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ni wapishi wangapi wa mtaani waliowahi kuiona hiyo likizo?

Kuna na hili la kukatwa. Mteja kaondoka bila kulipa, anakatwa weita, sahani imevunjika wanakatwa wote. Sheria hiyohiyo haimruhusu mwajiri kukata hivihivi, mfanyakazi lazima asikilizwe kwanza, ionekane kweli kosa ni lake, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Sisi tulikuwa tunakatwa tu na tunanyamaza.

Mama mmoja niliyefanya naye kazi aliumwa, aliporudi akakuta kijana aliyemfundisha mwenyewe ndio mpishi, kwa hela pungufu, na mtori wake bado uko kwenye bango la nje. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma.

Wenye migahawa watasema Aprili na Mei watalii wanapungua na biashara inalala, kodi ya fremu haisubiri, gesi iko juu. Ni kweli, nimeziona hizo siku. Ila mtori hauliwi na watalii, unaliwa na sisi wa hapa, mvua na baridi ndio kwanza tunautafuta. Kwa hiyo mlipeni mpishi siku za majaribio, mpeni mkataba wa maandishi, tipu igawanywe mpaka jikoni, na chakula alicholeta yeye kikiwa ndio kinajaza meza basi aongezwe mshahara kwa sababu hiyo.

Na wenzangu wa jikoni, ukiachishwa kazi kwa uonevu una siku 30 tu kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usikae nyumbani unasubiri bosi apoe. Maafisa kazi nao nawaomba wanapokagua wasiishie kaunta saa sita mchana wakiongea na meneja, waje alfajiri, wapitie mlango wa nyuma, wawaulize wanaomenya ndizi wamelipwa shilingi ngapi mwezi uliopita.

Weita wa zamani,
Pasua, Moshi