Kompyuta mpya imefika. Ya zamani usiifute leo

Msimu wa karafuu ukimalizika, hapa Chake Chake tunaona jambo lile lile kila mara. Pesa imeingia, mtu kapanda boti kwenda Unguja, karudi na laptopu mpya au kompyuta ya mezani iliyotumika Dubai, na usiku ule ule ya zamani inafutwa ili apewe mpwa aliyeingia kidato cha kwanza. Wiki mbili baadaye mwenyewe yuko dukani kwetu anauliza kama hesabu za mwaka jana zinaweza kurudishwa.

Pengine zinarudi, pengine hazirudi. Kwa hiyo tunawaomba wateja wetu jambo moja: kompyuta zote mbili zikae nyumbani mwezi mzima, zote zinawaka, kabla ya ya zamani kuguswa. Ndani ya mwezi kazi zako zote zitakuwa zimepita walau mara moja. Utalipa mishahara, utachapisha barua ya skuli, utatafuta ile fomu ya kodi, utahitaji ile printa ya shemeji. Ulichosahau kuhamisha utakijua hapo, na kitakuwa bado kipo. Mpwa atasubiri kidogo, haitamdhuru.

Kabla ya kuwasha

Kompyuta ya mezani iliyotumika igeuze kwanza uitazame mgongoni. Baadhi yake, hasa zilizokuwa za soko la Marekani, zina kiswichi kidogo chekundu karibu na tundu la waya wa umeme, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni volti 230. Kikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka, utasikia mlipuko mdogo na harufu ya kuungua, na pawasaplai, kile kifaa cha ndani kinachoilisha kompyuta umeme, imekwenda. Laptopu hazina balaa hili. Chaja zake karibu zote zinapokea volti 100 hadi 240, na imeandikwa kwenye chaja yenyewe.

Halafu kuna plagi za Ulaya, zile za pini mbili za duara. Watu wanazichomeka kwenye soketi zetu kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke. Tunajua, kila nyumba wanafanya hivyo. Lakini tundu lile la juu ndilo la ethi (waya wa ardhini), na kompyuta ya mezani isiyo na ethi bodi lake la chuma hutekenya mkono ukiligusa, zaidi ukiwa miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji. Nunua waya wenye plagi ya pini tatu. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tunavyouza.

Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na aliyeishi enzi za majenereta ya dizeli anajua tofauti yake. Hata hivyo hukatika, na kompyuta nyingi tunazoletewa zimeumia wakati umeme unarudi, unaporudi kwa kishindo. Laptopu ina betri yake, basi umeme ukikatika chomoa chaja, urudi utulie, ndipo uchomeke tena. Kompyuta ya mezani inataka UPS, kisanduku chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Stabilaiza ya friji haitoshi, kwa sababu inasawazisha volti tu, haina betri, na umeme ukizima kompyuta inazima nayo. Wala usiitegemee UPS ndogo ikufanyishe kazi saa nzima. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa adabu.

Akaunti iwe kwa jina lako

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza vitu vyao.

Windows 11 Home, ikiwashwa mara ya kwanza, inadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Mteja hana imeili, au anayo lakini nywila kaisahau. Fundi aliyemuuzia anataka kumaliza kazi, anatia imeili yake mwenyewe. Kompyuta inafunguka, mteja anashukuru, anarudi kwao. Asilolijua ni kwamba kompyuta nyingi za sasa zinaifunga diski kwa msimbo zenyewe bila kumuuliza mtu, na ufunguo wake, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ile. Miezi inapita. Siku moja baiosi (programu ya ndani inayoiamsha mashine) inasasishwa, au bodi kuu inaharibika na kubadilishwa, kompyuta inaamka na kioo cha buluu kinachotaka tarakimu 48. Ziko kwenye imeili ya mtu wa mjini ambaye namba yake haipatikani tena.

Kompyuta ikifika hapo, sisi hatuna la kufanya, na fundi atakayekwambia analo anakula pesa yako. Diski iliyofungwa namna hiyo haifunguki bila ya ufunguo, na ndiyo maana ikafungwa.

Basi fungua imeili yako kwa simu kabla hujaiwasha kompyuta, na nywila uiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Ukimaliza kuanzisha, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, itafute ile namba ndefu, iandike kwenye karatasi na uitie pamoja na hati ya shamba. Ikiwa kompyuta yako ilishafunguliwa kwa imeili ya mtu mwengine, ilete sasa hivi wakati bado inawaka. Ni kazi ya muda mfupi.

Jengine ni bando. Windows huwasha OneDrive wakati wa kuanzisha, nayo huanza kupandisha mtandaoni kila kilichomo kwenye mafolda ya Desktop, Documents na Pictures. Nafasi ya bure ni GB 5. Mwenye picha za harusi tatu anamaliza bando la wiki kabla ya adhuhuri, kisha anaambiwa nafasi imejaa. Izime, au chagua folda chache unazozitaka. Na kama unatumia intaneti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya waifai uiambie Windows kuwa muunganisho huu unahesabiwa (metered). Itapunguza kujishushia masasisho yenyewe, na wewe utayashusha siku utakayokuwa na bando kubwa. Usiache kuyashusha kabisa.

Kwenye saa, chagua Nairobi. Pemba hamna kwenye orodha, wala Dar es Salaam.

Zinazotoka Dubai huja na kibodi yenye herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida. Wateja wengine wanaona ni kasoro, walimu wa madrasa wanazigombania.

Kuhamisha vitu

Programu hazinakiliwi. Ukichukua folda ya programu ukaibandika kwenye kompyuta mpya, mara nyingi haitafanya kazi, unatakiwa kuiweka upya kutoka mwanzo. Kinachohamishwa ni kazi zako. Kila mtu anakumbuka Documents na picha. Vinavyosahauliwa ni vilivyorundikwa kwenye Desktop, nywila na kurasa zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, fonti za Kiarabu, na hasa data ya programu ya hesabu za duka. Nyingi za programu hizo, za zamani zaidi, huficha data kwenye folda yao ndani ya diski C ambako mwenye duka hajawahi kuingia. Ifungue programu yenyewe utafute mahali pa kutoa nakala ya akiba. Usikisie.

Tumia diski ya nje. Fleshi ndogo ndogo tatu nne zinapotea mfukoni, na nyingi zimebeba kile kirusi kinachoficha mafolda na kukuachia vijikato (shortcut) badala yake. Ukiona folda zako zimegeuka vijikato vya kilobaiti chache, usizibonyeze na usiifomati fleshi kwa hasira. Mafaili kwa kawaida yamo, yamefichwa tu. Yachunguze kwa antivairasi iliyomo ndani ya Windows, inatosha.

Ukishanakili, linganisha ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha ufungue mafaili kadhaa ya katikati, si ya mwanzo tu. Diski inayoanza kufa inanakili majina ya picha na kuacha picha zenyewe.

Sasa ile ya zamani

Umri wake tunauangalia mwisho. Tunachouliza kwanza ni kama ina diski inayozunguka au SSD (diski isiyo na kinachozunguka), ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, na prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni ya kizazi gani.

Laptopu ya zamani inayochukua dakika tano kuwaka mara nyingi tatizo lake ni diski inayozunguka. Ile SSD ya kawaida ya inchi 2.5 inasoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, na diski ya zamani hufika kiasi cha 100 ikiwa nzima, na huporomoka zaidi inapotafuta mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, ambayo ndiyo kazi yake wakati wa kuwaka. Tia SSD, RAM iwe GB 8 kama bodi inakubali, na mwenyewe utashangaa ulikimbilia nini kununua mpya. Tunajua maneno haya hayatusaidii kuuza.

Prosesa ya Intel soma hivi: i5-7200U ni kizazi cha saba, i5-8250U ni cha nane. Windows 11 inataka kuanzia cha nane, pamoja na TPM 2.0, kipengele cha usalama kilichomo ndani ya mashine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha wanapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Ziko njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyostahiki. Tunaombwa kila siku na hatupendi, kwa sababu Microsoft haijaahidi kuwa itaendelea kupata masasisho. Kwa mashine kama hizo tunaweka Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows. Ni bure, inakwenda vizuri kwa GB 4, ina LibreOffice inayofungua mafaili ya Word na Excel, na virusi vya fleshi vilivyoandikwa kwa Windows haviisumbui. Mtu aliyezoea Windows anaizoea. Lakini kama kazi yako inategemea programu ya Windows, tuambie kabla.

Kwa mpwa wa kidato cha kwanza, hiyo ndiyo mashine yake. Tunaongeza Kiwix, programu inayomwezesha kusoma Wikipedia bila ya intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo na inaenea popote. Ya Kiingereza nzima yenye picha inakula zaidi ya GB 100, lakini ziko zilizopunguzwa. Kijana wa Micheweni au Kengeja anasoma usiku kucha bila ya kumuomba mtu bando. Mpe akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na nywila ya mkuu wa mashine ibaki kwako.

Matumizi ya dukani nayo ni mazuri: daftari la mauzo, orodha ya wanaodaiwa, risiti. Kuiunga na televisheni ili watoto waangalie katuni, sawa, waya mmoja tu. Kuiacha inawaka usiku na mchana iwe ghala la mafaili ya nyumba nzima, hilo linasifiwa sana mtandaoni, lakini kwa mita ya umeme ya kulipia kabla na kukatika kwa hapa hatulishauri. Afadhali uitoe diski yake, uitie kwenye kasha la USB, iwe diski yako ya nje.

Kabla ya kuitumia tena, ifunguliwe isafishwe. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika hula viungio, na vumbi likishikana na unyevu huziba feni. Kompyuta ya mezani ibadilishwe betri ya saa, ile CR2032 ya duara. Ikiisha, tarehe ya mashine inarudi nyuma miaka mingi kila ikizimwa, na kivinjari kinakataa tovuti kwa kudai si salama, nawe unalaumu intaneti. Laptopu ambayo padi ya kipanya imenyanyuka au kifuniko hakifungi, betri imevimba. Acha kuichaji, usiitoboe, usiitupe kwenye moto wala ufukweni. Tuletee.

Zipo zisizofaa. Mashine ya RAM ya GB 1 yenye prosesa ya biti 32 tutakwambia wazi uiache, na tafadhali usiipeleke madrasa kwa jina la sadaka. Walimu wanaona haya kuikataa, inakaa kwenye kona inakula nafasi.

Mwezi ukishapita na hujakumbuka kitu, ndipo ifutwe. Kufomati kwa haraka hakufuti. Kunaondoa orodha tu, na mafaili yanaweza kurudishwa kwa programu za bure. Ikibaki ndani ya ukoo, tumia ile njia ya Windows ya kurejesha upya na uchague pia kusafisha diski. Ukiiuza kwa mtu usiyemjua, diski ya kuzunguka iandikwe juu yake mwanzo hadi mwisho, kazi ya saa kadhaa, na SSD ifutwe kwa amri yake yenyewe. Wateja wengine wanauza mashine bila ya diski. Bei inapungua kidogo, na hilo nalo ni sawa.

Ukija, njoo na kompyuta zote mbili, chaja zake, diski ya nje kama unayo, na simu yenye imeili yako. Nywila usitutumie kwa ujumbe, utaiandika mwenyewe hapa. Walioko Wete na Mkoani wanaotuma kwa gari, laptopu ifungwe ndani ya nguo na si juu ya mizigo. Ijumaa tunafunga saa sita kasorobo, tunafungua saa nane.