Mapezi ya kupigia mbizi hayakubuniwa na Churchill

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nisahihishe kauli inayorudiwa kila yanapotajwa mapezi ya zamani ya kupigia mbizi, yaani vifaa bapa vya mpira vinavyovaliwa miguuni kusaidia kuogelea, kwamba yalibuniwa na Mmarekani Owen Churchill. Churchill, aliyepata medali ya dhahabu ya mashua za tanga katika Olimpiki ya 1932, alianza kuyauza mwaka 1940 kwa leseni ya mwenye hataza (hati ya kulinda haki ya uvumbuzi), Louis de Corlieu, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa. De Corlieu aliwaonyesha maofisa wenzake mapezi yake ya awali mwaka 1914, na hataza akaipata 1933. Wazamiaji wa majeshi ya Washirika walipoyavaa mapezi ya Churchill katika Vita vya Pili vya Dunia, jina la muuzaji lilienea na la mbunifu likabaki nyuma.

Wanaosimulia habari hizi huruka pia mchango wa Waitalia, ambao mimi nauona mkubwa kuliko wa Churchill. Mapezi ya kwanza yalishikwa na ukanda uliopita nyuma ya kisigino, kisigino chenyewe kikiwa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Cressi ya Genoa ilitoa Rondine, yaani mbayuwayu, yaliyosanifiwa na Luigi Ferraro, mzamiaji wa kivita wa zamani; haya yalivaliwa kama kiatu, mpira ukiufunika mguu pamoja na kisigino, na umbo hilo lingali linauzwa hadi leo. Ferraro baadaye alianzisha kampuni yake, Technisub. Katika miaka ya 1960 Georges Beuchat, mtengenezaji wa vifaa vya kuzamia wa Marseille, Ufaransa, akaleta Jetfins, yenye matundu ya kupitishia maji ili mguu usilemewe.

Nawaomba basi wanaoandika maelezo ya mapezi haya kwa ajili ya maonyesho au mnada wasome kwanza maandishi yaliyoachwa juu ya mpira na kalibu, yaani chombo cha kuupa mpira umbo, ambayo huonyesha jina la mtengenezaji, saizi na, kwa baadhi, hataza au nchi. Wasikisie kwa rangi, kwani mpira hubadilika rangi ukizeeka. Vilevile wayapige picha maandishi hayo mapema, maana mpira asilia ukipigwa na jua na joto hukauka na kupasuka, na nyufa zikishapita juu ya herufi hazisomeki tena.

Wako,
Mkusanyaji wa mapezi ya zamani